Mama Kiapo na Biblia Aliyokataa Kuitoa

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi mlimjua kama Mama Kiapo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tano wa fundi viatu na mkunga. Alitanguliza miguu, na bibi yake akasema huyu atakuwa mbishi. Bibi hakukosea.

Alisoma shule ya misheni, ambako aliwahi kuchapwa kwa kucheka wakati wa sala; alikiri kabla hajaulizwa. Mwaka 1968 aliajiriwa karani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kuita kesi na kuwaapisha mashahidi, na hakuigusa Biblia ya mahakama kabla ya kunawa mikono.

Mwaka 1972 aliolewa na baba yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani sukari ikipungua hakugomba. Alisema tu, “Haya, njooni niwaapishe,” na mwizi alianza kulia hapo hapo.

Sehemu inayofuata tumeombwa tuiruke. Jana ofisa mmoja alifika nyumbani, akatupa pole kwa adabu zote, kisha akasema tukiisoma, tutakaoisoma tutakamatwa. Baba alimtazama juu ya miwani. “Mwanangu, huyu mlishindwa kumnyamazisha akiwa hai. Leo mnataka tuwasaidie?”

Basi tunaisoma.

Tarehe 14 Juni 1983 katekista wetu na walimu wawili walishtakiwa kwa uchochezi. Kosa lao lilikuwa kuwaombea kanisani, kwa majina, watu waliochukuliwa na askari wasirudi. Serikali ikaleta shahidi. Mama alimtambua: alikwisha kumwapisha katika kesi mbili, kila mara kwa jina jingine, na kila mara watu wakafungwa.

“Karani, mwapishe shahidi,” hakimu akaamuru.

Mama akaikumbatia Biblia. “Mheshimiwa, huyu simwapishi. Sitamshikisha Neno la Mungu akawamalize wasio na hatia.”

“Unajua unaongea na nani?”

“Najua, mheshimiwa. Na Mungu naye anajua.”

Askari walivuta, naye akang’ang’ania, hadi wakamtoa nje yeye na Biblia yake. Alifungwa miaka miwili kwa kudharau mahakama, akapoteza kazi na kiinua mgongo. Kesho yake ililetwa Biblia nyingine na karani mwingine, na wale watatu wakafungwa. Wapo wanaouliza basi ilisaidia nini. Katekista yuko hapa, mzee sasa, muulizeni. Sisi ametuambia kwamba alikuwa ameshakata tamaa, na siku ile akapata nguvu ya kuendelea kuomba.

Kifua kilichoanza kumsumbua kwenye sakafu ya gereza hakikumwacha tena. Alilazwa Mei mwaka huu. Muuguzi alipomsihi, “Bibi, pumzika, usiongee,” alijibu, “Nikinyamaza mtadhani nimekufa.” Alinyamaza tarehe 2 Juni 2014, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba. Tumeumia sana, na hatuoni haya kulia.

Ameacha mume, binti wawili, mwana mmoja, wakwe na wajukuu saba. Nyinyi mliosimama langoni mkituandika, msihangaike: sote tumeisoma, na majina yetu tutawapa wenyewe, kwa herufi kubwa.

Mama, pumzika kwa amani. Hatukuiruka.