Mtani wa Mpanda Farasi

Kwenye basi la asubuhi la kwenda mjini Billings, Montana, Marvelle alimwona Delbert amefungwa bendeji mkononi, akaenda kukaa naye makusudi, kiti cha mbele yangu. Kwetu Wakrow, wenyeji wa asili wa Marekani, watu ambao baba zao ni wa ukoo mmoja ni watani, na anayetaniwa hana ruhusa ya kununa.

"Si wewe juzi kwenye mbio za kubadilisha farasi ulimrukia farasi wa pili ukakumbatia hewa?" Basi zima likacheka.

"Ni mimi."

"Bila tandiko, na watoto watatu nyumbani! Ukivunjika shingo, nani ataezeka mapaa awalishe? Mama yako?"

"Naezeka kila siku, hata leo na mkono huu. Lakini farasi wale aliwafuga marehemu baba. Wasipokimbia, wanangu watarithi nini? Nyundo?"

"Watarithi bendeji!"

Hapo nikacheka hata mimi, shangazi yake Delbert, ambaye kwa mila zetu kazi yangu ni kumsifu.

"Jumamosi napanda tena," alisema Delbert.

Basi lilisimama penye nyumba isiyo na paa. Akashuka, akabeba ngazi iliyoegemezwa ukutani kwa mkono wake mzima. Marvelle akafungua dirisha haraka: "Wewe! Hiyo Jumamosi saa ngapi? Nisije nikachelewa, matusi nimeshayaandaa!"