Barafu ya Ujirani Mwema

EUFRASIA: Haloo? Ni nani? Namba hii siijui.

MAYALA: Shikamoo shemeji. Ni mimi, Mayala.

EUFRASIA: Marahaba. Simu ya nani hiyo?

MAYALA: Ya Ignas, mlinzi. Yangu wameishikilia getini. Niko msalani, tuongee chapchap—

EUFRASIA: Sisi tuko huku nje ya uzio na madumu yetu, jua linatuchoma. Meneja wa mgodi anasemaje? Kisima tunarudishiwa?

MAYALA: Hatujafika huko.

EUFRASIA: Mmefika wapi?

MAYALA: Kwenye wiski.

EUFRASIA: Kwenye nini? Unakatika!

MAYALA: Wiski, shemeji. Ya Uskochi. Shayiri tupu, hawachanganyi na nafaka nyingine. Imelala kwenye pipa miaka kumi na minane.

EUFRASIA: Rika la Loveness wangu. Nilikuwa na mimba yake walipozungusha huu uzio. "Ni wa muda tu, mama." Leo Loveness ananyonyesha, muda wao haujaisha.

MAYALA: Usinianzie historia—

EUFRASIA: Na wewe umekunywa?

MAYALA: Nimeonja.

EUFRASIA: Mayala! Shauri halijaamuliwa, unakunywa? Kwetu pombe ndiyo inafunga kesi! Ukinywa na mtu, umemalizana naye!

MAYALA: Kwao ni ya kukaribishana tu—

EUFRASIA: Kwao! Tulikutuma ukaseme ya kwao? Na yeye amekunywa?

MAYALA: Yaya, hajagusa. Anazungusha glasi, ananusa. Anasema yuko kazini.

EUFRASIA: Ehee. Yeye yuko kazini, wewe uko harusini.

MAYALA: Nisikilize basi! Ukiionja, kwanza ni moshi, kama shuka la mtu aliyelala jikoni. Halafu asali—

EUFRASIA: Anasifia!

MAYALA: Halafu baridi. Kaitia barafu. Anasema wenye pombe yao wakiona watanuna, ila amefanya hivyo kwa heshima ya jua letu.

EUFRASIA: Jua letu ametuachia. Endelea.

MAYALA: Barafu ilipoyeyuka nikaonja tena... shemeji, nikamkumbuka marehemu mama.

EUFRASIA: Umelewa.

MAYALA: Sijalewa. Kuna magadi kwa mbali. Na kakutu ka chuma. Unaikumbuka chai yake?

EUFRASIA: (anawaambia wenzake) Hebu nyamazeni!

MAYALA: Haloo? Shemeji?

EUFRASIA: Nipo. Hiyo barafu inatoka wapi?

MAYALA: Nimemuuliza Ignas. Nyuma ya jengo kuna pampu.

EUFRASIA: Kule kwenye mkuyu wa kisima chetu?

MAYALA: Mkuyu walishaukata. Ila ndiko.

EUFRASIA: Si walitwambia mbele ya diwani kwamba kisima kilikauka? Kwamba hakuna cha kurudisha?

MAYALA: Unadhani nimekuja msalani kufanya nini?

EUFRASIA: Hiyo barafu ipo?

MAYALA: Niliitafuna.

EUFRASIA: Wewe mtu—!

MAYALA: Moja tu! Nyingine zimejaa kwenye ndoo, pale mezani.

EUFRASIA: Rudi ukaombe.

MAYALA: Watanimiminia na pombe.

EUFRASIA: Kunywa! Umeshaharibu, basi haribu kwa faida. Barafu tia mfukoni. Wazee wako hapa, diwani yuko hapa, waonje wenyewe.

MAYALA: Hii suti nimeazima kwa Mageni.

EUFRASIA: Mageni anakusikia. Anasema ilowe.

MAYALA: Na meneja anataka tupeane mikono, tupigwe picha ya ujirani mwema.

EUFRASIA: Mpe uleule uliochovya kwenye ndoo. Akishike kisima kilichokauka.

MAYALA: (anacheka) Shemeji, Ignas anagonga mlango, salio lake lina— Na hadi getini ni mbali, jua lenyewe hili—

EUFRASIA: Ndiyo ukimbie! Usisimame kusalimia mt— Haloo? Mayala? Haloo?... Imekata. Jamani, nani ana kikombe safi?