Gari Lililonukia Kama Kwetu

Hamjambo, akina mama, na nyinyi wanaume wachache mlioketi karibu na mlango kama watu wanaopanga kutoroka. Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme, kwa sababu kuna mwenzetu ameomba chama chetu mkopo wa kununua gari, na kamati inajikuna kichwa. Sitamtaja. Leo sitamtaja mtu yeyote, hata yule aliyeniuzia, ingawa ulimi unaniwasha. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, kwa hiyo mkiona nimenyamaza katikati ya maneno, nipeni nafasi tu, nitaendelea.

Mzee wangu, baba watoto, alikuwa dereva wa lori kwenye kiwanda kimoja pale Baba Dogo. Wengi wenu hamkumjua zamani. Alikuwa mtu wa maneno, ndugu zangu, mtu wa kusalimia hata mbwa wa jirani. Kiwanda kilipopunguza watu, alirudi nyumbani na kiinua mgongo chake na ovaroli zake kwenye kiroba, akalala. Nikasema acha apumzike, amechoka. Kumbe ndio amelala. Anaamka, anakula, anageukia ukuta. Watoto wakamzoea hivyo hivyo, wakawa wanapita wakiongea kwa kunong'ona kana kwamba kuna mgonjwa.

Halafu ikaja mvua. Wakati huo tulikuwa tunaishi kule chini, karibu na mto. Waliowahi kukaa kule wananielewa, maji hayabishi hodi. Yaliingia, yakapanda juu ya kitanda, na tulipotoka tulitoka na watoto mabegani. Tukahamia mtaa wa Lucky Summer, chumba cha ghorofani, na vile tulivyookoa: makochi, godoro, nguo, blanketi. Tulifua, tukaanika, tukafua tena. Ile harufu ya tope la mto haikutoka. Ni harufu nzito, baridi, ya kitu kilichofunikwa kabla hakijakauka. Mwanzoni nilikuwa nafungua madirisha kila asubuhi. Baadaye niliacha, si kwamba ilikwisha, ni pua yangu tu iliyochoka kuisikia.

Ni hapo nilipopata wazo la gari. Nikamwambia mzee, tuchukue kiinua mgongo chako, mimi nikope kwa chama, tununue gari dogo la kubeba abiria. Mnajua alifanya nini? Aliketi kitandani akaniuliza, "La petroli au la dizeli?" Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kuniuliza swali. Ningekopa hata kwa shetani siku ile.

Tuliliona kwenye simu. Jeupe, linang'aa, bei yake chini kidogo ya mengine yote. Kile kidogo ndicho kilichotutosha sisi. Mwenye kuliuza alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linaogopa kukunjika. Alitusikia tukisemezana, akatusalimia Kikamba, akauliza kwetu ni upande gani. Aisee! Akawa mtu wa nyumbani papo hapo. Akatununulia soda. Tulilikuta gari likinguruma tayari, injini moto, viti vimevalishwa vitambaa vipya, na kipande cha marashi kinaning'inia pale kwenye kioo. Redio haikulia. Akasema ni fyuzi tu.

Mtaniuliza, mzee wako ni dereva, hakuona? Mwenye kiu haangalii kikombe. Aliketi, akashika usukani kwa mikono miwili, akatabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na nawaambia ukweli wa Mungu, chini ya yale marashi niliisikia ile harufu. Niliisikia! Nikavuta shali yangu karibu, nikaona haya. Nikajisemea, jamani, tumemletea mtu wa watu uvundo wetu ndani ya gari lake safi. Nikashusha kioo kidogo ili asituone washenzi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilizilaumu nguo zangu, na kilichonila kilikuwa chini ya kiti.

Tukalipa. Tukaliombea pale pale, kila mtu ameweka mkono juu ya bonneti. Fundi hakuwa ameliona hata kwa mbali.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mzee alikuwa anarudi jioni anasimulia habari za abiria. Kisha taa ya mbele ikaanza kuzimika ikipenda. Vioo vikawa vinashuka vyenyewe. Gari likawa linazima katikati ya barabara, na wenye haraka nyuma wanamtukana mzee wangu matusi ya nguoni. Kila tulichotengeneza, kesho yake kinaharibika kingine.

Siku moja tulienda Eastleigh kuchukua mzigo. Kuna mama wa Kisomali nilikuwa namsafishia stoo yake ya jumla, anauza marashi na uunsi, ule ubani wao wa kufukiza. Aliingia garini tumpeleke kwa mteja wake. Hata mlango hajafunga, akainua mkono. "Hii gari iliingia maji."

Nikamwambia, "Hapana mama, ni sisi. Ni nguo zetu, si unajua tulifurikiwa."

"Wallahi si nyinyi. Mimi pua ndiyo inanilisha. Vuta mkanda huo. Wote, mpaka mwisho."

Mzee akauvuta mkanda wa kiti taratibu. Sehemu ya juu, ile inayoonekana, ilikuwa safi. Ile inayojificha ndani ilitoka na tope lililokauka, mstari wa kahawia umepita katikati, likaanguka kwenye suruali yake. Hakulipangusa. Baadaye fundi alifungua dashibodi akatuonyesha nyaya zimeoza kijani. Gari lile lilikuwa limezama lote, kama nyumba yetu. Nikampigia simu yule mtu wa nyumbani. Mteja hapatikani. Mpaka leo hapatikani.

Basi mzee wangu akaanguka mara ya pili, na ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anashuka asubuhi, anakaa ndani ya lile gari bovu pale uani, mikono kwenye usukani, mpaka giza. Vijana wa ploti wakawa wanasema eti mzee analinda kaburi. Nilikuwa namtazama kutoka dirishani naogopa, ndugu zangu. Naogopa kitu ambacho sitaki kukitaja hapa. Nikishuka na chai, nashuka mbio, kisha nikimwona amepepesa macho ndio napunguza mwendo.

Kulikuwa na broka, dalali wa magari, kijana mchangamfu. Akaniambia, "Mathe, wacha stress. Tunapiga perfume, tunabadilisha seat cover, tunawasha injini mapema ipate moto. Mtu atanunua tu." Nilimwambia mzee. Akafikiri, akasema, "Hata sisi tulifanyiwa." Mimi nikakubali. Nisijifanye malaika hapa, nilikubali, na sabuni ya kuliosha nilinunua mimi.

Wakaja mke na mume, vijana. Mke ana mimba kubwa, anashikilia mgongo. Mume alikuwa anataka gari la kazi, na pia, akasema, la kumpeleka mke hospitali siku ikifika, maana usiku kwao magari hayashuki. Nikauliza kwao ni wapi. Ni kule kule chini, karibu na mto. Mke akaingia kiti cha nyuma, akashusha pumzi, akavuta hewa. Nilikuwa nimeshika mlango. Mumewe akamuuliza, "Iko sawa?"

Akasema, "Iko sawa. Inanukia tu kama kwetu."

Niacheni kidogo.

Nilimwona mtoto yule hajazaliwa, amekwama barabarani gizani, mvua inanyesha. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Dada, toka. Hili gari lilizama. Usilinunue." Msifikiri nilishukuriwa! Yule mume alikuja juu, "Sasa mbona mmetuita? Mmetupotezea siku!" Broka akaniita majina. Mzee wangu hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Umenizika, mama watoto." Akapanda juu, akachukua begi, akaenda kwao Kitui.

Sasa hapo ndipo mtu hujua kama ana watu. Nilikuja kwenye chama hiki nikasema ukweli, kwamba gari limekufa na mume ameondoka. Nilidhani mtakuja kuchukua makochi kufidia deni. Mwekahazina wetu alisema, "Makochi yenyewe yananuka, tutayapeleka wapi?" Mkacheka, na mimi nikacheka huku nalia, mkanipa muda. Lile gari liliuzwa vipande vipande, spea huku, chuma kule. Nililitazama likikatwa, na wala moyo haukupoa siku hiyo. Mama wa Eastleigh akanipa uunsi na marashi kwa mkopo, nikawa nauza kwenye malango ya viwanda Baba Dogo wafanyakazi wakitoka. Miguu ilivimba. Nilimpigia mzee simu kila Jumapili. "Uko?" "Niko." Basi, maongezi yameisha.

Ilichukua muda mrefu kumaliza deni lenu na kuweka akiba tena. Niliporuhusiwa kukopa upya, nikampigia nikamwambia, "Sinunui gari bila wewe. Ukikataa kuja, pesa zirudi kwa chama."  Akauliza, "Na hili tutalitoa wapi?" Nikajua atakuja.

Safari hii tulienda asubuhi mapema, kabla mwenye gari hajaliwasha. Mzee anagusa bonneti kwanza. Ikiwa moto, tunajua kuna ugonjwa unafichwa, tunaaga, hata tukiitwa ndugu. Mama wa Eastleigh alikuwa anaingia kabla yetu, anafunga vioo vyote, anakaa kimya, kisha anatingisha kichwa au anaguna. Magari kadhaa tuliyakataa, na moja lilikuwa zuri mpaka niligeuka mara mbili kulitazama tukiondoka. Mwishowe tukapata gari kuukuu la mwalimu mstaafu. Rangi imepauka, mlango mmoja ni wa gari lingine kabisa. Lakini mwalimu mwenyewe alitueleza liligongwa wapi na nani, kabla hata hatujauliza. Jina kwenye kitabu cha gari lilikuwa lake. Fundi wetu, si wake, akaingia chini yake. Mzee akavuta mkanda mpaka mwisho, akaupitisha vidoleni, akaunusa kwa muda mrefu, macho yamefungwa. Sisi sote tumesimama kama watu wa mazishini. Kisha akaniambia, "Mlipe mwalimu."

Nawashukuru, akina mama. Mlinipa muda, na hakuna benki ingenipa muda ule. Namshukuru mama wa Eastleigh, ambaye hayuko hapa na si wa dini yetu, lakini alinisimamia kama dada. Na wewe mwenzetu unayeomba mkopo, sikia. Usiende peke yako, na usiende na watu wa nyumbani kwako tu. Mtu akikaa na shida huizoea mpaka anadhani ni yake, anaionea haya, anaifunika. Nenda na mtu wa nje akunusie. Gari likinukia sana, jiulize linaficha nini. Na usimnunulie mtu gari kwa sababu ametabasamu, hata kama ni mumeo.

Msidhani mzee amerudi kuwa yule wa zamani. Bado kuna siku anageukia ukuta. Lakini anafanya kazi. Juzi tulikuwa tunashuka upande wa mto, mvua imeanza, akapunguza mwendo akasema, "Yule mama wa mimba. Sijui alijifungua salama?" Kumbe anamfikiria kila akipita pale. Kisha akasema, "Mimi ningewauzia, mama watoto. Ningewauzia kabisa."

Nikamwambia sijui kama alijifungua salama. Najua tu hakukwama ndani ya gari letu. Akaitikia kwa kichwa, akawasha taa, na zikawaka zote mbili.