Mpaka Ndani ya Kompyuta

Kwenye Noah ya abiria iendayo Matai, Adela aliacha kusinzia aliposikia fundi wa kompyuta akimweleza mzee Teodori, aliyepakata kompyuta: "Tunanakili picha zote kwanza, ndipo tuigawe diski. Windows, mfumo wako wa zamani, inabaki kwake; Linux, mfumo mpya, inapewa kwake."

"Picha za marehemu mke wangu ziko kwa Windows. Huyo mgeni akivuka? Mpaka unaonekana?"

"Hauonekani, mzee."

"Basi hiyo kesi. Sigawi kitu bila mashahidi."

Adela, ambaye jirani alishamega shamba lake la ulezi kwa mpaka usioonekana hivyohivyo, aliguna kukubali.

Gari liliposimama kijijini Msanzi, kabla ya Matai, wazee watatu ambao Teodori aliwaita kwa simu walimpokea, mmoja na jembe, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji ameshika mhuri. Adela alikuwa anakwenda Matai. Hata hivyo alishuka, akawauliza wazee:

"Shahidi mwanamke mnaye?"