Mzee Gundi, Mkutubi wa Mahakama

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa tisa na robo alasiri, katika wodi namba nne ya hospitali ya wilaya, baba yetu mpendwa, mkutubi wa mahakama, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Gundi, alivuta pumzi yake ya mwisho, nami binti yake mkubwa nikiwa nimemshika mkono.

Baba alizaliwa tarehe 2 Juni 1956, nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tano wa fundi cherehani. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970, sekondari mwaka 1974, akasomea ukutubi, na tarehe 3 Januari 1978 akaajiriwa katika maktaba ya mahakama, chumba chenye dirisha moja, ambako kazi yake ilikuwa kubandika kurasa mpya vitabuni kila sheria inapobadilika, na jina la Gundi lilitoka huko. Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye hutania mpaka leo kwamba pete ile ilishikwa na gundi ya vidoleni kabla ya kushikwa na mapenzi, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Baba aliagiza hili nalo lisomwe. Mwezi Mei 1994, ukurasa uliopunguza adhabu ya kosa fulani ulikaa kwenye bahasha mezani kwake wiki tatu, kwa kuwa maelekezo yake yalimchanganya na hakuwa na mkutubi mwenzake wa kumuuliza, kesi ikaamuliwa kwa ukurasa wa zamani, na mama mmoja akakaa gerezani miezi saba zaidi ya haki yake. Alipotoka, baba alikwenda kwake, akamweleza kosa lilikuwa la nani. Mama huyo, ambaye leo amekaa nasi mstari wa pili, alisema amemsamehe, ila yasimpate mwingine.

Ndipo baba akawatafuta wakutubi wa mahakama nyingine, wakawa tisa pamoja naye, na kila Ijumaa saa tisa mmoja humpigia mwenzake, humsomea kurasa zilizobadilika, na msikilizaji hujibu neno moja, imebandikwa. Mkutubi mgeni alipewa namba ya baba kabla ya kupewa funguo. Hata alipostaafu mwaka 2016, akiwa hana tena kitabu cha kubandika, wakutubi wachanga walimsomea yeye kwanza, awasahihishe.

Januari mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakuogopa kufa, alimwamini Mungu wake, aliogopa simu ya Ijumaa iite isipokelewe, na ukurasa ulale tena kwenye bahasha.

Ijumaa ile simu ilikuwa juu ya mto, na mkutubi wa mahakama ya mpakani akisoma. Baba alituacha kwenye ukurasa wa pili. Dada yule mkutubi hakujua, nami sikuwa na nguvu ya kumkatiza, akasoma mpaka mwisho, akangoja jibu. Nikamjibu, imebandikwa, dada, na kwa sauti yangu akaelewa.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliokesha na mama, na wakutubi wote wanane, ambao wametuahidi kwamba Ijumaa ijayo simu itaita kama kawaida.

Ee Mungu, mpokee mja wako, umfutie kosa alilolibeba miaka thelathini, uliandike jina lake katika kitabu chako kisichohitaji marekebisho, na umpe baba yetu pumziko la amani. Amina.