Bwana Vidole na Rangi za Watu

Leo, tarehe 30 Juni, Bwana Vidole anastaafu. Ameitumikia karakana yetu ya kutia nguo rangi kwa miaka thelathini na mmoja, na ni miaka thelathini na mitatu tangu aondoke kwao. Kila anayemuaga anamwuliza kama sasa atarudi.

Jina hilo alipewa na mafundi wa cherehani, maana hakuna aliyewahi kuona vidole vyake vikiwa na rangi aliyozaliwa nayo. Alianza kwa kusuuza vitambaa uani. Anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha rangi.

Ndiye aliyetufundisha kwamba rangi ina historia. Zambarau ilikuwa ya watawala kwa sababu ya ughali wake. Gauni jeupe la harusi, tunalodhani lilikuwepo tangu dunia kuumbwa, ni la juzijuzi tu.

Gauni kama hilo liliwahi kututia jasho. Harusi ilikuwa imekaribia, bibi yake bwana harusi akaingia, akaliona, akakaa kitako. "Wajukuu zangu, mnanipeleka harusini au mazikoni?" Kwao nyeupe ni ya msiba. Bibi harusi naye analia, hataki rangi nyingine. Bwana Vidole akavuta kiti, akamwuliza bibi yeye aliolewa akiwa amevaa rangi gani. Manjano. Basi akachovya pindo peke yake, manjano yakapanda yakififia hadi magotini. Bibi akalishika, akacheka: "Haya, hata mimi naolewa upya!"

Tangu hapo, hakuna kitambaa kinachoingia pipani kwetu kabla hatujauliza ni nani watakaokitazama. Sifa tuliyonayo mjini imetokana na swali hilo.

Sasa, kuhusu kurudi. Katika familia yake, anayemngoja msafiri huvaa buluu iliyokolea, na dada yake ameivaa miaka yote hii. Mwezi uliopita alipiga simu. "Kaka, nimeivua. Nimezeeka, nataka nivae nyekundu na mimi." Bwana Vidole alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamtilia kitambaa rangi nyekundu, nyekundu safi kuliko zote zilizowahi kutoka chumbani mwake, akampelekea.

Ahsante, Bwana Vidole, kwa ufundi na ucheshi wako. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na wageni wengi. Anabaki nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya karakana. Kwao hatarudi.