Waliotoka Kuona Muvi ya Jamaika

Bwana asifiwe, kanisa! Mimi ni Mama Moraa, nauza chai na chapati hapa Litein, kando ya kile kibanda cha video karibu na stendi ya boda boda. Nimesimama niwaambie vile Mungu alinitoa kwenye woga. Na alitumia kitu ambacho singefikiria, muvi ya majambazi wa Jamaika.

Ndugu zangu, nilizaliwa Kisii, nikaolewa huku na mfanyakazi wa majani chai. Wakati wa fujo za uchaguzi nyumba yetu ilichomwa kwa sababu ya ukabila, sisi tukiwa tumejificha katikati ya michai. Mungu alituhifadhi sote, na baadaye tulirudi. Lakini tangu siku hiyo, nikisikia wanaume wanapiga kelele pamoja, mikono ilikuwa inakufa ganzi. Nilikuwa nafunga biashara na kwenda nyumbani.

Wale waliochoma niliwaombea mpaka nikawasamehe. Ila kulikuwa na wengine barabarani siku ile. Hawakuwa na panga wala kiberiti, walisimama tu wakiangalia. Wengine nilikuwa nanunua maziwa kwao. Hao sikujua niwaweke wapi moyoni. Nilitamani kumpata mmoja nimuulize swali.

Sasa ile muvi ikaja, ikaonyeshwa mchana karibu wiki nzima. Vijana wakitoka wanakuja kwangu kunywa chai, wanabishana, na mimi nikaanza kutega sikio. Kwa maneno yao nilielewa hadithi: kijana amekulia kwenye nyumba za mabati, anakuwa mkubwa wa genge, analisha mtaa wake, anaua maadui, mwisho anapigwa risasi na rafiki yake.

Chebet, anayeuza mitumba, alisema alilia kwa sababu yule kijana alimjengea mama yake nyumba. Kamau wa boda boda alikataa, akasema mtu anayekupa unga huku anakuogopesha ni mwizi tu. Mwingine alimlaumu DJ aliyeitafsiri muvi kwa Kiswahili, ati anachekesha hata mtu akifa. Na kuna mmoja alishangaa milima tu. Ati kule ni kijani kama Mogogosiek hapa jirani, sasa watu wanauania nini mahali pazuri hivyo? Ndugu zangu, maneno hayo nilikuwa nayabeba mpaka nyumbani nikiyawaza.

Siku moja mvua ikinyesha, Mzee Rono alitoka kabla muvi haijaisha. Ni mkulima wa chai, mteja wangu wa siku nyingi. Alikaa, chai ikapoa mbele yake. Nikamuuliza kama muvi ilikuwa mbaya.

Alinieleza kuna mahali genge linachoma nyumba ya mtu, na majirani wanachungulia madirishani. Vijana ndani walikuwa wanawacheka hao majirani, wanawaita waoga. Ndiyo sababu aliinuka.

“Mama Moraa,” akasema polepole, “mimi nimewahi kusimama hivyo. Kwa jirani yangu Mkisii, kule Sigowet.”

Mikono yangu ikaanza kufa ganzi. Haikuwa nyumba yangu, sisi hatukuishi Sigowet. Ningeweza kufunga niende. Lakini lile swali la miaka yote likapanda mpaka mdomoni, na najua ni Roho wa Bwana aliyelisukuma.

“Ulikuwa unafikiria nini, Mzee?”

Alisukuma kikombe pembeni. “Nilifikiria nikisema kitu watageukia nyumba yangu. Halafu nikawaza, huyu jirani ananiona?”

Nikamwambia, “Yangu pia ilichomwa. Na sisi tuliwaona waliosimama.”

Mzee akavua kofia. Aliniuliza kama nataka aondoke. Nilimwambia akae, nimpashie chai moto. Alilia, na mimi nikalia, tukaomba pale pale kwenye benchi. Nilipofungua macho niliinuka kumpashia ile chai, nikaona nimeshika sufuria vizuri, mikono imetulia. Bwana asifiwe!

Siku iliyofuata niliingia kibandani mwenyewe. Nilikaa katikati ya wale vijana na kelele zao mpaka mwisho, na sikutetemeka. Sasa hata mimi nina maoni: bunduki ni nyingi mno, na wale watu wa madirishani hawakupewa hata neno moja. Mimi ningependa kujua waliambiana nini asubuhi yake.

Mzee Rono alimtafuta yule jirani yake. Alimpata akiwa Nyamira, akaenda kwake, na mambo waliyoongea ni yao wawili. Ameniruhusu niseme mpaka hapo tu.

Namshukuru Yesu aliyeniweka huru. Na wewe, ndugu yangu, kama kuna swali umelibeba kwa sababu ya woga, mwamini Bwana, atakuwa nawe siku ya kuliuliza. Nenda kwa huyo mtu. Labda na yeye amekaa miaka yote akingoja kuulizwa.